Jahazi la keki limetoka jasho

SWALI: Shikamoo mama. Niko Tanga, naoka nyumbani kwa oveni ndogo ya umeme. Nimejiandikisha kwenye mashindano ya keki za maumbo na nimechagua jahazi. Kwenye jaribio niliipaka keki krimu ya siagi, nikaivika fondanti, ule utando wa sukari iliyokandwa, nikailaza kwenye friji. Asubuhi nilipoitoa ililowa, fondanti ikaporomoka ubavu mmoja, na tanga likalegea kama kitambaa kibichi. Nimekosea wapi? Zimebaki wiki mbili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa ni friji. Soda baridi ukiiweka mezani hapo Tanga, dakika chache tu chupa inatiririka maji. Keki yako imepata yaleyale, na fondanti karibu yote ni sukari, inayovuta maji. Ikilowa inanata na kuwa nzito, na siagi iliyo chini yake huanza kuyeyuka joto likifika kwenye nyuzi 30 na kitu. Hapo hakuna cha kuishikilia.

Badala ya krimu ya siagi paka ganashi: gramu 600 za chokoleti nyeusi kwa mililita 300 za krimu ya maziwa. Pasha krimu hadi ianze kutokota pembeni, imwagie chokoleti iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, koroga taratibu, kisha iache usiku kucha igande. Keki iliyopakwa ganashi hii inakaa siku mbili nje ya friji, chumba chenye feni, ndani ya boksi la karatasi.

Keki yenyewe iwe nzito, ya kuchongeka. Kwa tini la sentimita 30 kwa 20, tumia gramu 250 za siagi, 250 za sukari, 250 za unga, na mayai matano. Oka mara mbili. Kila keki ipasue katikati kwa urefu, upate vipande vinne. Vitatu vipange kimoja juu ya kingine, na cha nne kikate uinulie tezi (nyuma ya chombo) na gubeti (mbele). Chonga keki ikiwa baridi, kwa kisu cha mkate chenye meno, ukipunguza kidogo kidogo kuelekea mkukuni, yaani uti wa chini wa chombo.

Sasa ubavu, na hapa ndipo pa kupatia alama. Usiuvike fondanti kipande kimoja. Kwenye gubeti itakunjamana tu. Ganashi ikishaganda, ipanguse kwa brashi yenye maji kidogo sana. Sukuma fondanti ya kahawia unene wa milimita 3, kata ukanda wa sentimita moja na nusu, uanze kubandika chini kwenye mkuku ukipanda juu, ubao kwa ubao, kama fundi wa jahazi anavyofanya. Ukanda mwembamba hauna uzito wa kuporomoka. Chora mishipa ya mbao kwa ncha ya kisu, toboa alama za misumari kwa kijiti cha mshikaki, kisha pitisha brashi kavu yenye kakao kavu. Kakao itaingia kwenye michoro, na mbao itaonekana imekula chumvi miaka mingi. Mimi hapo hutumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote, na sijutii.

Tanga litengeneze kesho, lisingoje wiki ya mwisho. Fondanti peke yake haikauki vya kutosha kwenye unyevu wa pwani. Gramu 250 zikande na kijiko kimoja cha chai cha unga wa CMC, unaoifanya fondanti ikauke na kukakamaa. Maduka ya vifaa vya keki wanao. Sukuma mpaka milimita moja, kata umbo la tanga, lilaze juu ya kadibodi uliyoikunja kama tumbo la tanga lililojaa upepo, ukiinyunyizia wanga wa mahindi. Lipe siku tatu au nne mbele ya feni, ukiligeuza. Tengeneza mawili, moja huvunjika. Soma kanuni kabla: kama kila kitu lazima kilike, mlingoti na foromali (mti unaoshikilia tanga) vifinyange kwa fondanti hiyohiyo ya CMC, uvipe wiki nzima vikauke. Kama vijiti vinaruhusiwa, cha mshikaki kinatosha.

Siku yenyewe tanga lisafiri kwenye boksi lake, na jahazi likae sakafuni mwa gari, si mapajani. Beba mfuko wa aisingi ya ute wa yai, ubandike tanga hukohuko mezani. Na ikitokea keki ikatoka jasho tena, usiifute kwa kitambaa, rangi itachafuka. Iwashie feni tu, uiache ikauke yenyewe.