Umeme unarudi, unazima tena

SWALI: Assalaam alaikum. Upepo na mvua vilikata umeme Makorora tangu usiku. Asubuhi ukarudi sekunde chache tu, ukazima. Wenzetu ng'ambo ya barabara walipata mapema, sisi tukangoja. Kuna upendeleo? Na friji niifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Upendeleo hapana. Laini ya kilovoti 11 au 33 ina swichi za kuigawa njiani. Mafundi huikagua nguzo kwa nguzo, wakatenga kipande kibovu na kuwasha kizima kwanza. Jirani yako huenda yuko kwenye transfoma nyingine kabisa.

Kuzima upesi kuna sababu mbili kubwa. Huenda hitilafu bado ipo: tawi linagusa waya, au kikombe, kile cha kauri kinachoushika waya juu ya nguzo, kimepasuka. Huku pwani kuna na chumvi ya bahari, inayoganda juu ya vikombe. Mvua kubwa huviosha. Manyunyu ndiyo mabaya, maana huilowesha tu ile chumvi ikapitisha umeme. Ukisikia nguzo inakwaruza usiku na kuona vicheche vya buluu, ndiyo hiyo.

Sababu ya pili ni mzigo. Friji zote zimepata joto usiku kucha, kwa hiyo zinaanza pamoja na hakuna inayopumzika. Mzigo waweza kufika mara mbili ya kawaida. Transfoma yenye uwezo wa kVA 100 imepimiwa ampea 144 hivi kwa kila fezi, yaani kila waya wa moto. Ikizidiwa sana, fyuzi inakatika. Anayeweka waya mnene badala ya fyuzi ataiunguza transfoma, na hapo kungoja si kwa saa tena.

Friji ichomoe, acha taa moja ikutaarifu. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 hadi 10 ndipo uichomeke: ikiwashwa kabla presha ya gesi haijatulia, kompresa inang'ang'ana na kuungua. Lakini ukiona taa nyingine zinawaka kupita kiasi na nyingine zimefifia, zima swichi kuu papo hapo. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imekatika, na vifaa vya volti 230 vyaweza kupata karibu 400.

Wenye jenereta nao: usiichomeke kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia. Umeme wako utatoka nje, transfoma iupandishe hadi maelfu ya volti, wakati fundi yuko juu ya nguzo. Kwa hiyo hata mtaa ukiwa giza, waya ulioanguka usiusogelee.