Ayodini ya mionzi kwenye nyumba ya kupanga: kwangu shida ilikuwa choo na mtoto

Mkuu, pole sana. Umeuliza mama yako akitoka kumeza ayodini ya mionzi (dawa ya tezi ya shingo, ambayo kwa muda humfanya mgonjwa atoe mionzi kwa walio karibu) atakaaje nyumbani: vyumba viwili vya kupanga, choo cha kushirikiana, na mjukuu wa miaka miwili asiyebanduka kwake. Mimi niliimeza baada ya kutolewa tezi ya shingo kwa ajili ya saratani, nikarudi Tandika kwenye nyumba ya wapangaji watano.

Anza na choo. Dawa isiyoshikwa na tezi hutoka zaidi kwa mkojo, na kwa sisi tuliokwisha kutolewa tezi, nyingi hutoka siku mbili tatu za mwanzo. Ndiyo maana tunaambiwa tunywe maji mengi na tusibane mkojo. Sasa kwetu siku ya pili maji yakakatika! Nina ndoo mbili tu, na kila nikienda haja natakiwa nimwage maji mara mbili na ninawe kwa sabuni. Mpaka jioni nilikuwa nanunua madumu kwa mtu wa mkokoteni. Jaza pipa kabla hajarudi. Kopo la chooni awe na lake. Mimi langu nililifunga kitambaa chekundu. Na akojoe kwa kuchuchumaa au kukaa, yasirukeruke.

Jirani mmoja aliacha hata kunisalimia, eti nitamwambukiza. Hii siyo TB. Ayodini hii hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 8, na mkojo huitoa mwilini haraka kuliko hapo.

Mtoto ndiye mtihani. Ukikaa mita 2 unapata kama robo ya mionzi anayopata aliye mita 1, kwa hiyo nilichora mstari wa chaki mlangoni nikamwambia binti yangu upande wangu ni bahari. Siku ya kwanza alicheka. Ya pili alikaa palepale kwenye chaki, mikono ameninyooshea, analia, nami siwezi kumbeba. Jioni ile nikampeleka kwa bibi yake Mbagala; yaani, nilimwita mdogo wangu aje amchukue. Ningefanya hivyo kabla sijaenda hospitali. Kama kuna mjamzito hapo nyumbani, naye akae mbali.

Mengine ni mepesi: alale peke yake, sahani na kikombe chake, nguo na mashuka yafuliwe kando. Siku ya kurudi msimpandishe daladala la kubanana. Mkipata teksi akae nyuma, upande usio wa dereva. Akisafiri kwa ndege wiki za karibuni abebe barua ya hospitali, maana mitambo ya uwanjani inaweza kulia.

Siku za kujitenga hutegemea dozi, usichukue zangu. Karatasi waliyompa imeandika ngapi?