Barua kwa binti yangu anayetaka kuacha kazi akalime matikiti

Mama yangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Sikonge hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako. Akanikataza kukupigia, eti mimi kwenye simu huishia kukohoa na kusema "haya, tutaongea". Basi naandika.

Unasema una miaka 31, uhasibu unakulipa vizuri, na bado unataka kuuacha ukalime matikiti Rufiji, ila huna hakika. Halafu ukaniuliza: "Baba, wewe ulijuaje unachokitaka maishani?"

Sikujua, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeshaagiza kila mtoto awe ameanza shule ifikapo mwishoni mwa 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Tukachukuliwa sisi sisi tuliotoka darasani jana. Unafundisha, huku na wewe unafundishwa, masomo mengine tukiyafuata redioni. Nilikuwa na miaka 16, na darasani kwangu kulikuwa na wanafunzi walionizidi urefu. Babu yako alifurahia mshahara. Mpango wenyewe, wa elimu ya msingi kwa wote, uliitwa UPE kwa herufi za Kiingereza; watani mtaani wakaitafsiri UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Wenzangu walicheka yakaisha. Mimi lilinikaa hapa kooni.

Ndiyo maana miaka yote umekua ukinisikia nikisema nikistaafu nitafuga nyuki kama babu yako, aliyekuwa akitundika mizinga ya magome porini na kurudi na ndoo za asali. Kila mkaguzi alipokuja kunidharau mbele ya wanafunzi, moyoni nilikuwa porini. Niliamini kabisa kwamba pale ndipo nilipostahili kuwa.

Mwaka 2021 nikastaafu. Sehemu ya kiinua mgongo nikanunua mizinga 30, ya masanduku, nikajenga kibanda. Mwaka wa kwanza nilijiona mfalme. Wa pili nikaanza kutafuta visingizio vya kurudi nyumbani: mara dawa ya presha imeisha, mara kuna msiba. Nyegere waliangusha mizinga minne na wala sikukasirika, jambo lililonishangaza mwenyewe. Babu yako angelala chini ya mti siku tatu kumvizia.

Sasa sikiliza. Juni ya mwaka juzi tulikwenda kurina, mimi na vijana wawili. Tulipomaliza, usiku wa manane, mmoja akaniuliza taratibu, mwenzake asisikie, kwamba nusu na robo kwenye mizani zinasomwaje. Kila msimu mnunuzi alikuwa anamsomea yeye. Nikachukua kaa la moto lililozimika, nikageuza mfuniko wa ndoo, nikachora duara nikaligawa. Hakuelewa. Nikavunja sega vipande vinne nikampangia juu ya mfuniko: hiki kimoja ni nini? Akatazama, akala kimoja, akasema, "Sasa zimebaki robo tatu." Tulicheka mpaka mwenzake akasogea naye. Tukaenda mpaka kilo mbili na nusu mara bei, mpaka kukakucha. Ile ndoo niliyoichukulia mfuniko ilikuwa wazi usiku kucha, imejaa siafu. Asali ya karibu msimu mzima wa mizinga mitano. Na mimi nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nistaafu.

Nilikaa pale kwenye gogo nikajiona mjinga. Kumbe nyuki sikuwahi kuwataka. Nilitaka kutoitwa mwalimu wa UPE, na nyuki walikuwa mlango uliokuwa karibu. Kazi yenyewe niliipenda miaka 44 bila kujua, kwa sababu niliona haya kwa jina lake.

Ningeweza kuishia hapo nikuambie na wewe unaukimbia uhasibu tu, na mama yako angefurahi. Lakini lipo jambo sijawahi kulitaja. Ulipomaliza kidato cha sita uliandika machaguo yako ya chuo kwenye karatasi, kwa penseli, kabla hatujaenda steshenari kuyaingiza kwenye kompyuta. La kwanza lilikuwa kilimo, Sokoine. Ulikwenda kuoga, nikachukua ufutio nikalifuta, nikaandika uhasibu. Uliporudi uliiona karatasi, ukaniangalia, hukusema neno. Nilitaka mwanangu akae ofisini penye feni, asidharauliwe na mtu. Hayo yalikuwa matakwa yangu. Nisamehe.

Kwa hiyo siwezi kukuambia unakimbia au unarudi. Sijui, na kitandani pale Dar na wewe hutajua. Mimi nilifuga nyuki kichwani zaidi ya miaka 40, na huko hawakuniuma hata siku moja. Una likizo yako ya siku 28 kwa mwaka, ichukue yote. Usiwe wa kilimo cha simu, kutuma hela ya dawa na kupokea picha. Kamwombe mtu mwenye shamba umfanyie kibarua, ulale huko huko, upalilie, umwagilie, uone wadudu. Siku ya ishirini, mgongo ukiwa unauma na hakuna wa kumpigia picha, angalia unatafuta kisingizio gani cha kuondoka, au kama hutafuti. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka hapo.

Mizinga nimewaachia wale vijana, tunagawana. Jumanne na Alhamisi jioni wanakuja hapa barazani na wenzao watano, tuko kwenye asilimia. Mmoja anauliza sana, ananichosha.

Asali yako lita tano naipakia kwenye basi la Jumamosi. Ina siafu mmoja mmoja, chuja.

Baba yako