Msamaha wa kodi kwa kiwanda cha alizeti Nala

Ndugu, umeuliza kama Jiji la Dodoma litakusamehe kodi ukijenga kiwanda cha mafuta ya alizeti Nala. Kodi ya mapato hukusanywa na TRA (Mamlaka ya Mapato) na nafuu zake hutoka kwenye sheria za Bunge; mkurugenzi wa Jiji hata akikupenda vipi, hana mamlaka hayo. Ukitafuta nafuu, omba cheti cha uwekezaji TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, iliyochukua kazi za TIC (Kituo cha Uwekezaji) mwaka 2025.

Jiji zungumza nalo habari za kiwanja na barabara. Ila ushuru wa huduma, ambao ni wa Jiji lenyewe, upigie hesabu mapema: unatozwa kwenye mauzo, si faida, hivyo hata mwaka wa hasara utalipa (hapa ndipo wengi hulia). Ushuru wa mazao nao hulipwa na mnunuzi, yaani wewe, si mkulima wa Kongwa anayekuuzia alizeti. Ukiahidiwa chochote kwa mdomo, dai barua.