Gari Limefungwa Mnyororo Kwenye Kiwanja cha Mtu

SWALI: Ndugu Mshauri, niliegesha gari kwenye kiwanja kilicho mbele ya jengo la maduka hapa Mwanjelwa, nikaingia duka la dawa la jirani. Niliporudi nilikuta gurudumu la mbele limefungwa mnyororo, na mlinzi akadai shilingi 50,000. Kibao cha katazo kilikuwepo, ila kilikuwa kimezibwa na mwavuli wa muuza vocha. Nililipa kwa shingo upande kwa sababu nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Je, ninaweza kurudishiwa fedha zangu? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko haya usiyapeleke TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), kwani wao hushughulika na maegesho ya kando ya barabara wanazozisimamia, wala si viwanja vya watu binafsi. Mwenye kiwanja ana haki ya kuamua nani aegeshe kwake na kwa masharti gani. Hata hivyo, masharti hayo yanakubana pale tu ulipoyajua, au pale ambapo mtu makini angeyaona kabla ya kuliacha gari, kwa maana chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano husimama juu ya ridhaa.

Mahakama za Uingereza zimelichambua jambo hili kwa kina. Katika shauri la Arthur dhidi ya Anker, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba aliyeona tangazo akaegesha amejitakia mwenyewe, mradi tozo iwe ya kiasi na gari lifunguliwe bila kuchelewa mara linapolipiwa. Mwaka 2000, katika shauri la Vine, mama mmoja aliyesimamisha gari kwa sababu ya kuugua ghafla alishinda, kwa kuwa kibao kilikuwa kimezibwa na gari jingine naye hakukiona. Kisa chake, kama uonavyo, kinakaribiana mno na chako. Hatimaye sheria ya mwaka 2012 ilipiga marufuku ufungaji huo kwenye ardhi binafsi nchini Uingereza na Wales. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu, lakini huwa na ushawishi, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba ina chimbuko moja na yao.

Hoja yako, basi, ni ule mwavuli, na kwa maoni yangu ni hoja nzito. Mwandikie mwenye kiwanja (si mlinzi, ambaye hutekeleza tu alichoagizwa), ukiambatanisha stakabadhi na picha ya mahali kibao kilipo. Akikataa, fungua madai katika Mahakama ya Mwanzo. Ulifanya vyema kutoukata mnyororo, kwa sababu kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo mlalamikaji hugeuka mshtakiwa.

SWALI: Malori huziba lango la ghala langu hapa Iringa kila siku ya mnada. Je, ninaruhusiwa kuyatoa upepo matairi? Msomaji, Iringa.

JIBU: Hapana. Lori likisimama barabarani, waite askari wa usalama barabarani. Likiwa ndani ya eneo lako, mtake dereva aondoke mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, kisha umdai hasara uliyoipata. Kibao chako cha katazo nacho kiweke juu kuliko bodi la lori, kisije kikazibwa.