Maswali Yenu: Elizabeth Fry, wafungwa wake na barua zake

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za Elizabeth Fry, yule mama wa Uingereza aliyekuwa anaingia jela ya Newgate pale London kuwaona wanawake waliofungwa, basi meseji zimemiminika. Siwezi kuzijibu zote, nimechukua hizi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko chuo, Dodoma. Hivi huyu mama aliingiaje jela kirahisi hivo, na alifuata nini hasa?

Marahaba mwanangu. Kirahisi hakuingia. Ilikuwa 1813, msimu wa baridi kali, kuna mhubiri mmoja anaitwa Stephen Grellet alikuwa ametoka Newgate akaenda kumwambia Elizabeth alichokiona, watoto wachanga wamezaliwa mle ndani na hawana cha kuvaa. Wote wawili walikuwa dhehebu la Marafiki (Quakers), hawa hawa ambao baadaye walikuja kujenga misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya. Basi mama akatafuta vitambaa vya flaneli, akaita wenzake wakashona haraka haraka, akaenda na mwenzake Anna Buxton. Mlangoni askari wanawaambia acheni saa zenu hapa maana mle ndani mtanyang'anywa, hata wao wenyewe walikuwa wanaogopa kuingia peke yao.

Ndani ni wanawake kama 300 na watoto wao wamebanana, aliyehukumiwa na ambaye kesi yake bado wako pamoja, wanapika hapo, wanafua hapo, wanalala hapo hapo chini. Na kuna kitu alikiona siku hizo mpaka leo nikikisoma nanyamaza kwanza: wanawake wawili wanamvua nguo mtoto aliyekufa ili wamvalishe mwingine aliye hai. Sio kwamba walikuwa wakatili, nguo ilikuwa ni hiyo moja.

SWALI: Mimi nimekaa mahabusu miezi saba kabla kesi yangu haijafutwa. Watu walikuja kututembelea mara moja, wakagawa sabuni, wakapiga picha na sisi, hatukuwaona tena. Huyo Fry wenu alikuwa na tofauti gani na hao?

Pole sana dada, na nashukuru umeniuliza hivo bila kuzunguka. Mimi pia nimewahi kwenda na kikundi kwenye gereza la wanawake, tumebeba sabuni na pedi, kuna mtoto kama wa miaka miwili alishika gauni langu hakutaka kuliachia mpaka mama yake akaja kumbandua vidole kimoja kimoja, na mimi sikurudi. Hilo linanisumbua mpaka leo kwa hiyo swali lako limenigusa.

Hata yeye mwanzoni alienda mara tatu tu akapotea karibu miaka minne. Alikuwa anazaa, biashara ya mumewe ilitikisika, alafu 1815 akafiwa na binti yake mdogo Betsy ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitano. Aliporudi ndo akarudi moja kwa moja, na aliporudi hakuanza na kugawa vitu. Aliwauliza wale akina mama, mnataka tuwafanyie nini watoto wenu hawa? Wakasema shule. Akawaambia haya chagueni wenyewe mwalimu kati yenu, wakamchagua Mary Connor, binti aliyefungwa kwa kuiba saa. Hebu fikiria, mwizi wa saa anapewa watoto afundishe na anafundisha vizuri kweli, wakubwa wa jela walisema hakuna chumba lakini Fry akang'ang'ania mpaka selo moja ikapatikana.

1817 akaanzisha chama na akina mama wenzake, kila siku kuna mmoja wao yuko Newgate. Wakaleta kazi ya kushona. Zikaandikwa sheria za kuishi humo ndani, kuacha matusi, kuacha kamari, kuombaomba wageni, na hapa ndo nataka usome taratibu dada yangu: zilisomwa moja moja mbele ya wafungwa na kila moja wakainyooshea mikono kuikubali. Hata wanyapara wa kusimamia vikundi walipigiwa kura na wenyewe. Huyu mwanamke alikuwa anaongea na watu ambao sheria ya nchi ilishawahesabu kama takataka, na anawauliza mnakubali au hamkubali. Sasa hao waliokuja kwenu na sabuni, kuna aliyewauliza chochote? Najua jibu lako manake mimi mwenyewe sikuuliza.

SWALI: Shangazi, mi ni mama wa watoto watatu, Tanga. Najitolea kwenye jela ya hapa kila Jumamosi, mama mkwe anasema nawatupa wanangu. Fry alikuwa na watoto?

Alikuwa nao 11. Na maneno unayosemwa alisemwa, tena na watu wa dhehebu lake, na kwenye daftari zake alikuwa anajiuliza mwenyewe usiku kama anawakosea wanawe. Kuna kipindi watoto wake sita walipelekwa kwa ndugu. 1828 benki ya mumewe ikafilisika, mume akatengwa na dhehebu, nyumba kubwa ya Plashet ikaondoka, watu wakaanza hadi kunong'ona labda hela za wafungwa nazo zimeliwa. Alitaka kuacha, ndugu zake na marafiki wakamshika mkono akaendelea. Sitakudanganya kwamba nyumbani kwake mambo yalikuwa shwari, hayakuwa. Mama mkwe mwambie twende wote Jumamosi moja, mbebee na kanga ya kujifunika maana mle ukutani panakuwa na baridi asubuhi.

SWALI: Je, aliwahi kushindwa?

Ndiyo. Harriet Skelton, alihukumiwa kunyongwa kwa kupitisha noti bandia. 1818 Fry alihangaika mpaka kwa waziri Lord Sidmouth, hakusikilizwa na Harriet akanyongwa. Mwaka huo huo aliitwa mbele ya kamati ya bunge kueleza hali ya magereza, jambo ambalo kwa mwanamke halikuwa la kawaida kabisa. Na 1823 ikatoka sheria kwamba wafungwa wanawake walindwe na askari wanawake.

SWALI: Ulisema aliandika barua nyingi. Alikuwa anamwandikia nani, na wafungwa walimjibu?

Aliandikia kila mtu, mawaziri, mabalozi, wenye magereza, hadi St Petersburg kwa akina Venning ambao walikuwa wanashughulikia jela za Urusi. Na kumbuka barua kabla ya 1840 mara nyingi aliyepokea ndo anayelipia, kwa hiyo kila barua inayogonga mlangoni ni hela inatoka. 1819 ikaja moja kutoka kwa padri Samuel Marsden aliyekuwa Australia, ambako Uingereza ilikuwa inawapeleka wafungwa wake kwa meli, imekaa miezi baharini, anamwambia wanawake mnaotuletea huku Parramatta mchana wanafanyishwa kazi, jioni wanaachiwa bila pa kulala, sasa mwenyewe ona usiku watalipia chumba kwa kitu gani. Yaani wale aliowafundisha kusoma na kushona kule Newgate, meli ikiwashusha tu yote yanafutika. Na hakuwa mtu wa kuishia kwenye geti la jela. Alishapigania wasipelekwe bandarini kwa magari ya wazi huku watu wanawarushia uchafu, akawa anawasindikiza mwenyewe, anapanda meli kabla haijang'oa nanga, kila mwanamke anapewa mfuko wenye Biblia, aproni, sindano, nyuzi, mkasi na vipande vya vitambaa, ili ile safari ya miezi awe na cha kushika mkononi na akifika awe na kitu cha kuuza.

Kuhusu kujibiwa: Aprili 1841 meli ya Rajah iliondoka na wanawake 180 kwenda Hobart, Tasmania, huko huko Australia. Njiani baadhi yao wakaviunganisha vile vipande, 2,815, likatoka shuka moja lenye zaidi ya mita 3 kila upande, katikati maua na ndege, na chini wakashona kwa nyuzi maneno ya kuwashukuru akina mama wa kamati ya Fry. Wengi hawakujua kuandika kwa kalamu. Shuka lilirudishwa Uingereza, likapotea zaidi ya miaka mia, likaja kuonekana Scotland mwaka 1987, sasa hivi liko Canberra kwenye jumba la sanaa la taifa, na ukilisogelea unaona alama ndogo ndogo za damu za watu waliojichoma sindano.