Makamasi ya kijani, homa na subira

Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi, wagonjwa wa mafua walinisumbua zaidi kwa rangi ya makamasi: yakiwa meupe hutulia, yakigeuka kijani hudai antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya neutrofili, seli nyeupe za damu ambazo huwa za kwanza kukimbilia penye maambukizi, humeza vimelea, kisha hufa kwa wingi na kutoka pamoja na ute. Makamasi ya kijani, basi, yanaonyesha kwamba seli hizo zimekuwa kazini, lakini hayatoshi kuthibitisha kuwa kuna bakteria. Na mafua, kwa kuwa husababishwa na virusi, hayatibiki kwa antibiotiki.

Homa nayo huogopwa kupita kiasi. Seli za kinga zikitambua vimelea hutoa kemikali zinazoifanya haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili, ipandishe kiwango chake, ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi huku ngozi yake ikiwa ya moto. Joto hilo hupunguza kasi ya baadhi ya vimelea kuzaliana. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, mimi hushauri dawa ya kushusha homa inywewe kwa ajili ya kupunguza mateso, si kwa sababu ya namba iliyosomwa kwenye kipimajoto. Hata hivyo, mtoto wa chini ya miezi 3 akifikia nyuzi 38 apelekwe hospitali mara moja, sawa na mgonjwa yeyote anayepumua kwa shida, aliyekakamaa shingo au anayechanganyikiwa; na penye malaria, kila homa ipimwe bila kuchelewa.

Kinachowashinda wengi ni kusubiri. Neutrofili hufika ndani ya saa chache, lakini kwa kimelea ambacho mwili haujawahi kukutana nacho, ni limfosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe za damu) chache tu zinazoweza kukitambua, nazo hulazimika kugawanyika mara nyingi ndani ya tezi, ambazo ndipo huvimba shingoni, kwapani au kinenani, kabla ya kingamwili, yaani protini zinazopambana na kimelea hicho, kutosha. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Chanjo hufuata njia hiyohiyo, kwa hiyo anayetarajia kusafiri asichanjwe siku moja kabla ya safari, bali aanze kuulizia ratiba ya chanjo zake wiki kadhaa mapema, hasa zile zinazohitaji dozi zaidi ya moja.